Mashine ya Gesi za Damu

Mkuu wa maabara ya hospitali moja pale Same alikuwa mama wa maneno machache. Tangu serikali iruhusu biashara huria, wauzaji wa mashine walimiminika, naye aliwasikiliza huku akifuta miwani kwa pindo la koti lake jeupe. Abdulrahmani, aliyetoka Dar es Salaam, aliisifu mashine yake ya kupimia gesi za damu mpaka akadhani amemnasa. Mama akanyanyuka, akaenda ukutani, akazima umeme. Mashine ikafa.

“Hapa unakatika kila siku, mwanangu. Mgonjwa anayetweta nimwambie asubiri?”

Abdulrahmani akaifunika mashine yake. “Ipo ya betri, mama. Ila hiyo haina sura, ndiyo maana sikuja nayo.”

“Kwani naozwa? Kailete.”