Meno Ambayo Kukhu Hakuwa Nayo

Siku niliyoajiriwa, mkubwa wangu alinipeleka dirishani. Ofisi yetu iko Kitale, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na kazi yetu ni katuni za kompyuta. Mimi huchonga wahusika: sura, mikono, namna mtu anavyocheka. Akanionyesha watu waliokuwa wakibishania magunia ya mahindi pale chini.

"Programu hata mtoto anajifunza kwa simu," akasema. "Mimi nalipia macho. Mtu wa kuona watu vile wako."

Nilimwamini. Mpaka leo nikikumbuka nilivyomwamini, hasira hunipanda.

Kazi yangu kubwa ya kwanza ilikuwa filamu ya kuwafundisha watoto mila za huku kwetu, na mhusika mkuu alikuwa bibi mzee. Sikutafuta mbali. Nilikwenda Bokoli kwa kukhu, nyanya yangu mzaa baba, nikamkuta uani akipukuchua mahindi.

Kukhu hana meno ya mbele ya chini. Hayakuoza. Aling'olewa akiwa msichana, yeye na wenzake, kama ilivyokuwa desturi. Wazee walisema mtu akishikwa na pepopunda, taya zikajifunga, atapitishiwa uji hapo. Lakini tangu watoto wa shule waanze kumcheka, yeye hufunika mdomo kila anapocheka. Katika picha zote za harusi za ukoo wetu, kukhu ni macho mawili na kiganja.

Nilimweleza habari za filamu, nikamwomba autoe mkono. Akakataa. Nikambembeleza mpaka chai ikapoa.

"Ati watoto wote wataniona hivi?"

"Wote, kukhu. Na wataambiwa sababu."

"Basi uniweke vile niko. Usinidanganye."

Nikaahidi. Akacheka mdomo wazi, nami nikarekodi.

Nilikichonga kicheko kile kwa wiki kadhaa. Mdomo wa chini usio na meno nyuma yake huingia ndani kidogo, na ulimi huchungulia kwenye pengo. Hakuna programu inayokufundisha hayo. Nilipomaliza nikajiambia, haya ndiyo macho anayoyalipia.

Mkubwa akatazama. "Umesahau meno, bana."

Nikamweleza. Si mgeni huyo, ni mtu wa Kimilili, na nina hakika nyanya yake mwenyewe alikuwa na pengo lile lile.

"Hiyo mila naijua," akasema. "Lakini wenye pesa hawaijui. Watafikiria ni kosa letu. Si uweke tu?"

Nilikataa. Kesho yake nikafungua kompyuta, nikakuta yamewekwa. Wenzangu ofisini walikuwa wamechukua meno ya mhusika mwingine, kijana wa bodaboda, wakayapachika kinywani mwa kukhu. Yalimeta kama vikombe vipya. Kwa kuwa mdomo wa kicheko nilichokichonga haukuweza kufunika meno hayo, wakakifuta nacho, wakaweka tabasamu. Niligomba mpaka watu wa dukani wakatoka nje kusikiliza. Mkubwa akanijibu kwa utulivu kwamba msanii wa thamani ni yule anayekubali kurekebishwa. Yale macho aliyoyasifu dirishani sasa alikuwa akiyaita kiburi.

Filamu ilizinduliwa katika ukumbi mmoja mjini Bungoma. Mkubwa alimwalika kukhu bila kuniuliza, akamketisha mstari wa mbele, nami nilikuwa sijapata kinywa cha kumwambia habari za meno. "Tazameni uhalisia!" mkubwa akawaambia wageni, nao wakapiga makofi. Mwishoni, yule bibi mwenye meno ya bodaboda akawaasa watoto kwamba mwacha mila ni mtumwa. Nilitamani kung'oa nyaya zote ukutani.

Nikamtazama kukhu. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na tangu tufike alikuwa akisalimia watu na kucheka nao mdomo wazi, bila kujificha, kwa sababu nilimwahidi. Sasa alikuwa amejiona pale mbele, meno yote yamejaa. Hakunigeukia. Mama aliyeketi kando yake akamnong'oneza jambo la kuchekesha, kukhu akacheka, na mkono ukapanda mdomoni.