Bakuli la Mlenda Kwenye Moto wa Wanaume

Nilipokuwa mtoto kule Ziba, kazi yangu ya jioni ilikuwa kupeleka chakula shikome, yaani kwenye moto wa wanaume uliowashwa uani mbele ya nyumba. Wanaume wa ukoo walikula pale. Wanawake na watoto tulikula mekoni. Nilipeleka maji ya kunawa, kisha ugali, kisha nyama au kuku au maziwa mgando. Kitu kimoja sikuruhusiwa kukipeleka hata siku ambayo hapakuwa na kitoweo kingine, nacho ni mlenda.

Tuliambiwa kwamba mwanamume akila mboga ile inayovutika, naye hulegea kama yenyewe. Mgongo hulegea, na kile kisichotajwa mbele ya watoto hulegea vilevile. Niliamini kwa moyo wote. Nilidhani tonge moja linatosha kumwangusha mtu mzima kando ya moto kama gunia tupu. Basi sisi wa mekoni tukala mlenda wa karanga, majani ya kunde, maboga na mbegu zake, huku waheshimiwa wakitafuna mafuta ya ng'ombe. Na tuliwaonea wivu! Leo nacheka peke yangu nikifikiri ni nani aliyepaswa kumwonea mwenzake wivu.

Baba yangu, Maganga, alikuwa mla nyama kuliko wote. Alikuwa na banda la nyama choma Igunga, kando ya barabara ya Mwanza, akiwauzia abiria wa mabasi na madereva wa malori. Alichouza alikila, tena sehemu zenye mafuta, kwa chumvi ya kumwaga. Tumbo likamtangulia. Kisha likaanza jambo lingine. Alikuwa hamalizi kula kabla ya kuinuka kwenda nyuma ya ua kukojoa, na huko alisimama muda mrefu, akirudi uso umemkunjamana. Tena mdogo wangu alikuwa ameshaanza shule na nyumbani hapajapatikana mtoto mchanga mwingine, na wanawake kisimani walikuwa wakimtazama mama tumbo kabla ya kumsalimu.

Mama alikuwa wa kuja, alitoka Kaliua. Penye shida, mgeni ndiye hutafutiwa ubaya. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikumbuka kwamba baba alipougua homa, mama alimlisha mlenda kwa kijiko kwa sababu hakuna kingine kilichopita kooni. Kwake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

"Huyu mwanamke ndiye aliyemlegeza mdogo wangu," alisema jioni moja shikome mbele ya wote. "Kesho arudi kwao. Tutamtafutia Maganga mke anayejua kupika."

Baba aliinamisha kichwa akachokonoa moto kwa kijiti. Kumtetea mama kungemlazimu aeleze yanayompata, na hilo hakuliweza. Nilimchukia siku ile, nasema wazi. Niliporudi mekoni nilimkuta mama anakunja kanga zake, moja moja, macho makavu. Alikuwa amesikia kila neno. Nilimshika gauni lake nikakataa kuliachia.

Bibi, mama yake baba, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko.

"Kabula, mke mwenzangu," aliniita kwa utani wetu wa siku zote, "mlenda umeiva?"

"Umeiva, bibi."

"Pakua bakuli kubwa. Twende shikome."

"Bibi, baba atalegea!"

"Akilegea tutamwegemeza ukutani. Beba."

Nililibeba bakuli, nikamfuata. Wanaume walipotuona waliacha kutafuna. Nililiweka bakuli mbele ya baba, nikarudi nyuma nikiwa nimemkazia macho magotini, maana nilidhani kulegea kutaanzia huko.

"Mama, unatuvunjia heshima," alisema baba mkubwa.

"Nyamaza. Katazo hili mlilipata kwa nani?"

"Kwa marehemu baba."

"Na baba yenu akitoka hapa kwenye moto, alikwenda wapi?"

Bibi aliwatazama mmoja mmoja.

"Alikuja mekoni kwangu, akafunga mlango, akala mlenda mpaka akalamba mwiko. Miaka yote ya ndoa yetu! Nami nikamzalia watoto kumi, wa kwanza wewe. Haya, niambieni, ni nani aliyelegea?"

Mzee mmoja jirani aliangua kicheko mpaka akapaliwa na ugali. Bibi hakucheka. Alimgeukia baba, na sauti yake ikashuka.

"Baba yako alipozeeka, mkojo ulimsumbua kama unavyokusumbua wewe. Usidhani sioni. Akaficha, akaniapisha nisiseme. Siku ulipoziba kabisa tulimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, lakini tulikuwa tumeshachelewa. Mlenda haukumuua baba yako, Maganga. Aibu ndiyo iliyomuua. Ukimfukuza mkeo ili uifiche aibu hiyohiyo, mke utampoteza, na mimi nitakuzika nikiwa hai."

Baba alitazama lile bakuli, akainua macho kuelekea mekoni. Halafu akanawa tena, akamega tonge, akalichovya, akavuta. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa bado ameketi wima, anatafuna.

"Hauna chumvi," alisema.

"Na haitaongezwa," bibi alijibu.

Kisha baba akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mekoni, "Mke wangu haendi popote. Mimi ni mgonjwa. Kesho atanipeleka hospitali." Mama alikaa chini juu ya kanga zake, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Hospitali walikuta tezi dume imevimba kwa maambukizi, presha iko juu na mwili umezidi. Daktari alimpa dawa, akamkatia mafuta na chumvi, akamwambia ale mboga na matunda na aende kazini kwa baiskeli. Alimweleza pia kwamba presha na mafuta yanayoziba mishipa ya damu ndivyo vinavyoiba nguvu za kiume, wala si mboga ya mtu. Baba asingethubutu kuyasimulia hayo. Bibi ndiye aliyeyatangaza kijiji kizima, akiongeza na ya kwake.

Siku hizi nauza mboga kavu sokoni Tabora. Wanaume huja kuninong'oneza, eti mlenda unaongeza nguvu? Naona ni imani ileile imegeuzwa nguo tu. Nawaambia mlenda ni chakula kizuri, kuleni, lakini mkojo ukisumbua nendeni mkapimwe. Baba alitibiwa na dawa, akasaidiwa na sahani nyepesi na baiskeli. Bibi hakulikubali hilo mpaka anaingia kaburini. Alidai ni mwiko wake.

Na nani angebishana naye? Kabla mavuno ya pili hayajaingia ghalani, mama alijifungua mvulana. Vigelegele vilianza kwetu vikapokewa nyumba hadi nyumba. Bibi alimbeba mtoto hadi shikome, akamwinua mbele ya wanaume, akampa jina la utani la Mlenda. Leo ni dereva wa lori, kifua kipana kama mlango, na ukimwita kwa jina lake la shule haitiki.

Mwezi uliopita nilikwenda Ziba. Baba, mzee sasa, alikuwa ametoka mjini na Mlenda wake, na pale shikome akawaambia wenzake waziwazi, "Nimetoka kupimwa tezi dume. Nyie mnangoja nini?" Hakuna aliyecheka. Wawili walimuuliza ni siku gani daktari yupo. Bibi yangu angekuwepo, angecheza.

Baba mkubwa, ambaye hana tena meno ya kutafunia nyama, alikuwa amelivuta bakuli la mlenda upande wake. Alilikwangua mpaka chini, akaniita.

"Kabula, mwanangu, huu umekwisha. Mwambie mama yako atuongezee."

Nilikwenda mekoni na bakuli tupu. Mama alikuwa ameshabandika chungu cha pili.