Mwamba Unaoliwa

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kuona rangi na kuandika uhai.

Kazi yenyewe ni kutazama picha za miamba ya matumbawe zilizopigwa chini ya bahari, kuchora mstari kuzunguka kila kitu kinachoonekana, na kukipa jina: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga, alama za kuliwa. Kompyuta hujifunza kutoka kwa majina hayo. Naifanya nikiwa Kitui mjini, kwenye kona ya duka la dada yangu anayeshona sare za shule na za kwaya, kwa sababu pale stima haipotei ovyo kama nyumbani, kijijini Tulia. Bahari yenyewe sijawahi kuiona.

Picha zilitoka mbali kusini, ambako maji huanza kupoa na matumbawe hukua polepole. Juu ya mawe mengi ya kijivu kulikuwa na vidoa vya rangi ya chungwa. Niliviita matumbawe machanga. Nimekulia mahali ambapo udongo mkavu ukitoa kitu chenye rangi, watu husema Mungu ametukumbuka. Sikuwahi kufikiri kwamba kinachochipuka kinaweza kuwa ndicho kinachokula. Vile vidoa vilikuwa ncha za sifongo, mnyama wa baharini. Mwili wake wote umo ndani ya jiwe, ukilitoboa chembe kwa chembe, mpaka wimbi linapokuja na kulivunja kama biskuti.

Msimamizi wangu, mwanamke wa Pwani ninayemjua kwa sauti tu, alinirudishia kundi zima la picha.

“Kaka, hapa umeandika mwamba wakua. Huu waliwa.”

Alisema kundi linalofuata likirudi, au likichelewa, nafasi yangu atapewa mtu mwingine. Nilikuwa nimeacha kazi ya duka la hardware kwa ajili ya hii. Sina cheti, yote nilijifunza kwenye simu. Niliogopa kwamba nikitolewa, itakuwa wazi kwamba sikustahili kuingia.

Basi nikasoma kuhusu kila kiumbe kinachomomonyoa mwamba: sifongo, minyoo inayotoboa, mnyama mmoja mwenye miiba kama nungu anayekwangua jiwe kwa meno, na samaki aitwaye pono. Nilielewa kwamba kuliwa si ugonjwa. Mwamba hujengwa na kuliwa kila siku. Tatizo ni pale ujenzi unapokuwa wa polepole kuliko ulaji. Lakini baada ya kusoma, nikaanza kuona ulaji kila mahali.

Mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni la kwaya aliinama juu ya bega langu.

“Hii michoro ni ya nini?”

“Ni alama za meno, mama. Kuna samaki anakwangua jiwe, halafu anatoa mchanga.”

“Anatoa wapi?”

“Nyuma.”

Dada yangu alisimamisha cherehani. “Mwambie vizuri. Anakunya mchanga.”

“Ai! Samaki anakula mawe na hanung’uniki? Na mzee wangu, muthokoi yake ya mahindi ikikosa chumvi hatuongei hadi kesho!”

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye picha moja. Jiwe lililokufa, mikwaruzo kadhaa, mwanga hafifu. Inaweza kuwa pono. Inaweza kuwa yule wa miiba. Inaweza kuwa nanga ya mashua. Nilichora, nikafuta, nikachora tena. Chini ya orodha ya majina kulikuwa na chaguo la “haijulikani”. Sikuwa nimewahi kulibonyeza hata mara moja. Nililiona kama njia ya kukiri kwamba sikusoma.

“Hiyo picha umekaa nayo tangu chai ya saa nne,” dada akasema. “Umeioa?”

Picha nyingine zilikuwa zinangoja, na kundi lilitakiwa jioni hiyo. Nikampigia msimamizi.

“Madam, hii mikwaruzo ni ya pono ama ni ya yule wa miiba?”

“Wewe waona nini?”

“Mikwaruzo tu.”

“Hiyo picha nimeipiga mimi, nilipokwenda huko kusini. Nilikuwa karibu na jiwe, ningeweza kuligusa, na sijui. Wataka ujue kunishinda, nawe uko Kitui?”

“Lakini nikiandika sijui, si itaonekana sijui kazi?”

“Ukikisia, kompyuta itakariri kisio lako na kulirudia kila mahali, haina aibu. Tutasema mwamba waliwa mahali usipoliwa. Bonyeza, kaka. Leta kazi.”

Nilibonyeza. Kisha nikarudi nyuma kwenye kundi lote na kuona ni mara ngapi nilikuwa nimejifanya nina uhakika. Baadhi ya majina nilikuwa nimeyachagua kwa sababu tu yalionekana ya kitaalamu. Niliyaondoa moja moja, na safari hii sikukaa sana na yoyote. Nilituma kabla dada hajafunga duka. Siku iliyofuata kundi lilikubaliwa, na masahihisho mawili tu, yote ya haki, na ujumbe kwamba picha nyingine zinakuja. Nafasi yangu haikupewa mtu mwingine.

Bado nakosea, na bado narudia picha moja mara nyingi kuliko inavyohitaji. Kilichobadilika ni kwamba nisipojua naandika kwamba haijulikani, na kazi yangu haichelewi.