Sefu Iliyopelekwa Kukaguliwa

Juzi nilikuwa kaunta ya kituo cha polisi kuripoti kitambulisho kilichopotea, akaingia mzee mmoja wa mtaa wa Mtendeni na fundi wa kuchomelea aliyemtengenezea sefu. Walibeba sefu ya chuma kwa vishikio vyake viwili, wakaitua mbele ya afande kwa kishindo.

“Shikamoo mzee. Nini tena hiki?”

“Marahaba. Si ulisema kibali cha bunduki hakiongezwi muda mpaka uione sefu? Nikakuita nyumbani, ukasema gari halina mafuta. Haya, ione.”

Afande aliigonga, akajaribu kufuli, akaridhika. Kisha akashika kishikio.

“Mzee wangu, mmeibeba watu wawili tu mpaka hapa. Wezi watashindwa nini? Inafungwa ukutani kwa bolti, hii. Kibali sitoi.”

Fundi alitazama viatu vyake. Mji huu ulikua kwa kubeba mizigo ya misafara. Kutengeneza sanduku lisilobebeka, fundi wa hapa hajafundishwa.

“Na bunduki yenyewe iko wapi?”

“Mvunguni, afande. Nimeifunika mkeka.”

“Nyumbani kuna nani?”

“Hakuna mtu. Mama watoto yuko sokoni.”

Afande alichukua kofia, akaita dereva. Mafuta, nafurahi kuwaarifu, yalipatikana papo hapo. Sefu tupu ilibaki kaunta, chini ya ulinzi wa askari mwenye silaha.