Kichwa cha Mdogo Wangu

Ipo siku moja ya usichana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo sikio langu linawaka moto. Ilikuwa Jumamosi, kwetu Bukavu. Wenzangu walikuwa wananisubiri njiani twende mazoezi ya kwaya, na mdogo wangu Riziki alikuwa amekaa chini, nywele za upande mmoja nimeshazisuka, za upande wa pili zimesimama. Nikamwambia abaki hivyo hivyo, nitamalizia nikirudi. Nikaondoka. Sikufika mbali. Bibi yetu, mzaa mama, alinifuata mwenyewe na mkongojo wake, akanishika sikio mbele ya wenzangu wote, akanirudisha nyumbani nimeinama, maana yeye alikuwa mfupi na mimi nilikuwa nimeshamzidi kimo.

Hakunichapa. Aliniketisha nyuma ya Riziki, akanipa chanuo, akasimama pale pale mpaka nikamaliza. Ndipo akasema.

"Kichwa ya mudogo yako ni kazi yako. Mama yenu atakufa. Bwana yako anaweza kufa, anaweza kukuacha. Batoto batakuwa na nyumba zabo. Ule mulitoka naye mu tumbo moja, ni ule tu atakushika kichwa ukizeeka."

Wakati ule niliona ni maneno ya kizee tu. Nilichokuwa nacho moyoni ni kwaya niliyoikosa. Leo nimempita bibi yangu kwa umri aliokuwa nao siku ile, na hasira niliyo nayo si ya kwaya. Kaa vizuri nikueleze, na ukiona sauti yangu inapanda usiniambie nitulie. Nimeambiwa nitulie vya kutosha.

Tangu siku ile tulisukana kila Jumamosi, mimi na Riziki, ili Jumapili tuingie kanisani na vichwa safi. Tuliacha tu tulipofiwa: baba, mama, na wengine wa damu yetu. Kwetu ukifiwa na mtu wa damu yako unanyolewa kichwa chote, unakaa chini kwenye mkeka, na kila anayepita akikuona hana haja ya kuuliza. Nywele zikiota tena, tunaendelea tulipoachia.

Mume wangu alikufa kijana. Mume wa Riziki alimwacha, kwa sababu mtoto wao mmoja alifariki na mwingine hakuja. Vita vilipotutoa kwetu tulikimbia pamoja, mimi nikiwa na homa hata kusimama siwezi, na mwanangu Fiston akiwa mchanga. Riziki ndiye aliyemfunga mgongoni kwa kitenge na kutembea naye mpaka tukavuka mpaka na kuingia Uganda. Neno hili la mgongo lishike, nitalirudia.

Tukapata chumba Kisugu, mtaa wa Kampala. Mimi nilizungusha vitenge mjini, yeye akabaki na mtoto, akapika, akafua, akaenda shuleni kuitwa na walimu Fiston alipofanya utundu. Mtoto alikuwa na mama wawili na hakuona ajabu. Jumamosi tulikaa kizingitini, yeye katikati ya magoti yangu, kisha mimi katikati ya magoti yake. Tulipoanza kuota mvi majirani walitucheka, vikongwe wawili na misuko kama wasichana wa shule. Waache wacheke. Sisi hatukuwa tunatafuta urembo. Pale ndipo tulipoambiana mambo yote, maana ni rahisi kusema jambo zito kwa mtu aliyekupa kisogo.

Fiston alisoma, akapata kazi nzuri, akaoa, akapanga nyumba ghorofani, Bukoto. Siku moja akaja na gari kunichukua. Kanisa zima lilifurahi. Waliniambia Mungu amenikumbuka, nitapumzika sasa. Nikamuuliza mwanangu, na mama yako mdogo je?

Hebu lisikilize neno hilo. Sisi dada wa mama hatumwiti shangazi. Yeye ni mama. Akiwa mkubwa ni mama mkubwa, akiwa mdogo ni mama mdogo, lakini ni mama. Fiston alilitamka tangu alipoanza kusema. Sasa akakuna kichwa, akasema nyumba ina vyumba vichache, watoto wanakua, na Neema naye yupo. Neema ni binti wa marehemu kaka yetu, anaishi Kawempe. Akasema wamekwisha kuzungumza, wagawane mzigo. Yeye atanichukua mimi, Neema atamchukua Riziki.

Walitugawana, mwanangu. Kama watu wanavyogawana nguo za marehemu, wewe chukua hii, mimi nitachukua ile. Na walifanya kwa heshima, walileta soda, na walipomaliza waliomba. Hakuna aliyetuuliza sisi. Chumba chetu kikarudishwa kwa mwenye nyumba siku ile ile.

Sitamsingizia Fiston. Bukoto nilikula vizuri. Nilikuwa na kitanda changu, blanketi nzito, na runinga iliyowaka tangu asubuhi. Wote walitoka kwenda kazini na shuleni, nikabaki na dada wa kazi ambaye alikuwa mtoto mzuri, lakini anajua Luganda tu na alikuwa na shughuli zake. Jioni walirudi wamechoka. Kila mmoja alinisalimu mlangoni, akaingia kwenye simu yake. Siku yangu ya kuzaliwa Fiston alinipiga picha, akaiweka kwenye simu na maneno marefu ya kunisifu, watu mpaka wa Ulaya wakaitikia. Nilimsikia mkewe akiyasoma. Mimi nilikuwa chumba cha pili, na hakuna aliyeingia kuniambia.

Lakini kilichoniuma zaidi ni hiki: hakuna mtu aliyenigusa. Walinipa chakula, dawa, maji ya moto ya kuoga. Mkono wa mtu juu ya kichwa changu, hapana. Jumamosi zilikuja na kupita. Nikaanza kufunga kitambaa mchana kutwa ili wajukuu wasione nywele zilivyokuwa.

Nilimwomba Fiston anipeleke Kawempe. Akasema wiki ijayo, mama. Wiki ikifika, gari lina tatizo, au kuna kikao, au mtoto ana mtihani. Nilimpigia Neema. Alikuwa barabarani akiuza chapati, makelele tupu nyuma yake, akasema shangazi yuko vizuri, yuko vizuri, nitakupigia nikifika nyumbani. Simu haikuja. Riziki mwenyewe hana simu, na macho yake yalikwisha kuwa hafifu.

Asubuhi moja nikaona imetosha. Dada wa kazi alikuwa anaanika nguo nyuma. Nikavaa, nikashuka zile ngazi kwa kushika ukuta, nikasimamisha boda.

"Jajja, wewe naenda wapi peke yako?" kijana akaniuliza, akiniita bibi kwa Luganda.

"Kawempe," nikamwambia. "Na usinipeleke polepole kwa sababu ya mvi hizi."

Nilimkuta Riziki barazani, kwa Neema. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kitenge cheusi amejifunga kiunoni. Sahani ya bugari, ndio ugali, ilikuwa kando yake, nzi wamekaa juu. Na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Chote. Kinang'aa juani kama cha mtoto mchanga.

Nikawaza, nani amekufa? Nani amekufa kwetu na mimi sikuambiwa? Nikakaa karibu yake, nikamshika mkono. Akanigeukia, akanitazama kwa muda mrefu kwa yale macho yake, akanipapasa uso.

"Yaya," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu utoto, yaya, dada mkubwa. "Weye si ulishakufa?"

"Nani alikuambia kama nilikufa?"

"Hakuna mutu. Ndiyo pale nilijua." Akaukaza mkono wangu. "Nilikuwa nauliza yaya iko wapi, banasema iko muzuri, iko muzuri. Mutu iko muzima si anakujaka? Kisha bakaninyoa."

Umeelewa, mwanangu? Mzee akifiwa, kwetu haambiwi mara moja, anafichwa siku nyingi. Unamwambia fulani yuko vizuri, amesafiri kidogo. Kisha siku moja watu wanakuja na wembe, na hapo anajua bila kuambiwa. Mdogo wangu aliujua utaratibu huo maisha yake yote. Aliuliza habari zangu, akajibiwa yuko vizuri. Akangoja, sikuja. Wakamnyoa. Akahesabu mwenyewe, akatandika mkeka, akanilia. Alinilia peke yake, kwenye baraza ya watu wanaopita na ndoo za maji, wala hakuna aliyemuuliza kwa nini hali chakula.

Neema alikuja mbio, mikono ina unga. Akapiga magoti, akalia, akasema kichwa cha shangazi kilikuwa kinawasha na yeye hana wakati wa kusuka, alinyoa ili apumzike. Namwamini. Ana watoto wengi na hana mume, anasimama juani tangu alfajiri. Hakuwa na ubaya. Lakini alichukua wembe akagusa kichwa cha mwanamke mzee bila kumwambia neno moja, kama anayekwangua sufuria, na mimi hilo sijalimeza mpaka sasa.

Fiston alifika mchana na gari, jasho limemtoka, dada wa kazi amemwambia nimepotea, na Neema amempigia kuwa niko kwake. Alianza kwa kufoka. Nimewatisha, amezunguka mitaa yote ya Bukoto, ningeanguka barabarani watu wangesema nini. Nilimwacha amalize. Aliponyamaza ndipo alipokiona kichwa cha Riziki, na uso wake ukabadilika, kwa sababu na yeye ni mtoto wa kwetu. Akauliza nani amekufa. Nikamwambia ni mimi.

Alikaa kwenye ngazi ya baraza. Akasema sawa, mama, tutakuwa tunamleta mama mdogo Bukoto mwisho wa wiki, akutembelee. Akutembelee! Mdogo wangu awe mgeni wangu. Nilisimama, na sijui nguvu zilitoka wapi. Nilimgeuza Riziki pale alipokaa, nikauwekea mkono mgongo wake.

"Mugongo yenye ilikuvukisha mupaka ni hii," nilimwambia mwanangu. "Kama haina nafasi kwako, na miye sina."

Usiku ule hatukulala Bukoto wala hatukuachana. Tulilala kwa Neema, wawili kwenye godoro moja, na kabla ya wiki kwisha tulikuwa tumerudi Kisugu, ua ule ule, chumba cha nyuma ambacho ni kidogo kuliko cha zamani. Fiston alibeba kitanda mwenyewe begani. Anakuja Jumapili baada ya ibada na wajukuu, anakula ninachopika, na ninamtania kama zamani. Wenzangu kanisani wananiambia nimsamehe, amenifanyia mengi. Nimeshamsamehe. Kusamehe na hasira vinakaa ndani yangu pamoja, na sina haraka ya kukifukuza chochote.

Maana Riziki hakurudi kamili. Kila asubuhi ananipapasa uso kabla hajafungua macho, ananiuliza, yaya uko? Nikienda dukani nikachelewa kidogo, nikirudi namkuta amekaa chini. Hilo, gari la Fiston haliwezi kulibeba, wala pole za kanisa zima.

Nywele zake zimeanza kuota, nyeupe, fupi, hazishikiki kusukwa. Hata hivyo Jumamosi anakaa katikati ya magoti yangu, ninampaka mafuta, ninapitisha chanuo juu ya kile kidogo kilichopo. Kisha tunabadilishana. Vidole vyake vinasuka upande mmoja vizuri kabisa, misuko ile ile ya bibi. Akifika katikati anasahau alichokuwa anafanya. Anaweka mikono juu ya kichwa changu na kutulia hapo. Simkumbushi. Jumapili ninaingia kanisani upande mmoja umesukwa na upande wa pili umesimama, na ninapita mbele, taratibu, kila mtu aone.

Sasa nakuambia waziwazi, usije ukasema bibi alizungukazunguka. Mzee wako akiwa na ndugu aliye hai, usiwatenganishe kwa sababu ya vyumba. Lala wewe sebuleni. Usimwite mama mdogo kwa mdomo kisha ukamhesabu mzigo. Kabla hujamhamisha mzee, muulize, na ungoje jibu. Mguse. Akikuuliza habari za mtu anayempenda, usimjibu yuko vizuri huku unaangalia simu. Mpeleke akamwone kwa macho yake. Na wewe mwenyewe, kama una mdogo au mkubwa wako mliyenuniana, nenda kabla ya Jumamosi hii. Mimi sina muda wa kukushika sikio.

Mungu akupe ndugu wa kuzeeka naye, mwanangu. Akupe magoti ya kukaa katikati yake, na mikono inayokijua kichwa chako. Na asiruhusu mtu yeyote akunyoe, ila siku ile utakapokuwa umefiwa kweli.