Tangazo la pesa mpya lilinifanya niuze mkufu wa rupia wa nyanya

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, japo humu sidhani kama mpo. Haya yalinipata mwenyewe.

Naona mnagombana kama noti ya leo ina dhahabu nyuma yake. Mimi niliishia darasa la nne, huenda nikakosea. Lakini jambo hili lilinichoma, na hasira ningali nayo.

Tulikuwa Msambweni, miaka ile ya uhuru, serikali ilipotoa pesa zake. Redio ikasema pesa za zamani zirudishwe, zitakufa.

Nyanya alikuwa na mkufu wa rupia kumi na mbili, sarafu za kale, zimetobolewa zikatungwa. Kwetu kila bibi arusi aliuvaa. Mdogo wangu Mwanasha alibakisha wiki mbili aolewe.

Nikaingiwa na hofu. Nyanya alikuwa matangani Majoreni. Nikakata uzi, nikazipeleka dukani.

Mwenye duka akacheka. "Binti, hizi zilikufa hujazaliwa! Benki watakufukuza. Basi lete, shilingi moja kwa kila moja."

Nikamwambia ahsante. Ahsante, wakuu!

Nyanya aliporudi nikampa pesa mpya, zanukia, nikamweleza za mwenye duka.

"Alipima kwa mizani?"

"Mizani ya nini, nyanya? Si pesa?"

"Zilikuwa pesa enzi za mamangu! Mimi niliweka madini ya fedha, mwehu we!"

Nikakimbia dukani. Zimeshafika kwa sonara Mombasa, zimeyeyushwa.

"Nilikudanganya wapi?" akaniuliza mwenye duka, anatafuna tambuu.

Haki isemwe: hakunidanganya. Kisheria rupia hazikuwa pesa tena. Alichonificha ni kwamba sonara hajali sheria, anajali uzito. Nami sikuuliza. Lakini mtu ajue, anyamaze, kisha akucheke usoni? Nimejaribu kumsamehe, nimeshindwa.

Mwanasha aliolewa shingo tupu. Nyanya alipokea wageni wote, mimi akanipita kama mlango.

Nilivyoelewa, noti ya leo ni pesa kwa kuwa sheria imesema. Ipeleke benki, hupewi dhahabu. Sina ugomvi nayo, naitumia. Ila kitu cha kale sheria ikikitupa, uzito wake haukutupwa. Uliza vyote viwili, sheria na uzito, kabla hujatoa mkono.

Wajuao sheria, nikosoeni. Na wa kuniambia "si ulikubali mwenyewe", andikeni tu. Mwanasha huniambia hivyo kila arusi.