Mashua ya Mbio na Mama Mkwe

Mpaka leo mtu akitaja Majanji mbele ya wakwe zangu, mimi nainuka nakwenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe wenyewe sina. Aibu ile haijachakaa hata kidogo. Basi sogeeni niwaeleze mwenyewe, kwa sababu jinsi inavyosimuliwa kule Masinya (eti nilikuwa uchi!) ni uongo mtupu. Shati nilikuwa nalo.

Ilikuwa miaka ile ya utawala wa wanajeshi hapa Uganda, mnaikumbuka, sabuni inafungiwa kabatini na chumvi unaionja kwa ncha ya kidole. Mimi nilikuwa nachukua samaki ziwani nawapeleka Tororo kwa baiskeli, nikahangaika weee mpaka nikapata cha kununulia mashua yangu mwenyewe. Fundi wa Majanji alikuwa na mbili zimekaa mchangani kama mapacha, mbao zilezile, urefu uleule, matanga ya kitambaa cha marekani. Tofauti yake ndogo tu: moja pana, tanga lake fupi, nyingine nyembamba, tanga refu.

"Hii inakaa," fundi akasema akiipiga kofi ile pana. "Hii ingine nakimbia. Chagua wewe."

Mke wangu Nafula, mimba yake imeshakuwa kubwa, akasema nichukue ile pana, maana mama yake atavuka kutoka upande wa Kenya kuja kumwona mtoto, na humo kuna nafasi ya watu kukaa mbalimbali na heshima zao. Nikamwambia mashua si sebule. Nikaizunguka ile nyembamba, nikabonyeza mbao kama nabonyeza tairi (mtu wa baiskeli, ningejua nini?), rangi yake ya buluu ikaniingia moyoni, na tena nikajiambia siku askari wakinifukuza na boti lao la injini nitawaacha mbali. Niwaache na injini yao! Lakini ndiyo niliyochagua.

Mtoto akazaliwa, msichana, wa kwanza wetu. Nafula alijifungua kwa shida, kusimama hawezi, kula hataki, anamlilia mama yake usiku na mchana, na mimi nikaogopa kweli kwamba nitampoteza. Njia ya nchi kavu, ya mpakani Busia mjini, haikufaa. Pale kizuizini askari wangemnyang'anya yule mama hata leso. Ikabaki ziwa, na mimi, na mashua ya mbio.

Sasa ninyi wa mbali lazima niwaeleze: kwetu Wasamia, mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni, na maneno yao hupitia kwa mtu mwingine. Kwa hiyo nikamchukua rafiki yangu Egesa, tukavuka kumleta mama, na wakati wa kurudi Egesa akakaa katikati. Mama mbele, amenipa mgongo. Mimi nyuma, nimeshika usukani, natazama maji. Mashua yenyewe ilivyo nyembamba, nikinyoosha mguu nagusa kifurushi chake, basi nikakaa nimekunja magoti njia nzima.

Tulipofika katikati, mama, ambaye amekulia ziwani, akaona maji yanageuka meusi upande wa kusini.

"Egesa," akasema kwa upole, "mwambie huyo mwenye mashua upepo unakuja, ateremshe tanga."

Nimesikia kila neno! Lakini nitatiije neno ambalo bado sijaambiwa? Na Egesa mdomo umejaa muhogo. Akatafuna, akameza, akageuka. "Mama nasema upepo nakuja, teremsha tanga."

Nami, kichwa kikubwa, nikajibu, "Mwambie mama asante, lakini hii ni mashua ya mbio, upepo ndio chakula chake."

"Mama, yeye nasema asante, upepo ni chakula ya mashua."

"Basi mwambie chakula kimefika."

Egesa hakuwahi kugeuka. Mashua ikalala ubavu, maji yakaanza kuingia, nami nikapiga kelele, "Mama, njoo huku juu!" (neno langu la kwanza kwake tangu nioe, na ni la kumwamuru). Upande wa juu nafasi ilikuwa moja tu, na nilikuwa nimeikalia mimi. Mama akaja na kifurushi chake, akatua mapajani mwangu mzima mzima, mkono mmoja akashika mkanda wangu, wa pili akaikamata kamba ya tanga akailegeza. Hiyo ndiyo iliyotuokoa. Na kuondoka pale hakuwezekana, akiondoka tunazama.

"Egesa," akasema, mdomo wake uko sikioni mwangu, "mwambie huyo mtu asiachie usukani."

"Egesa, mwambie mama siachii."

Hivyo ndivyo tulivyoingia Majanji, saa ya soko la samaki, watu wamejaa ufukoni. Wanawake walijifunika nyuso kwa leso, na wakachungulia. Kama hiyo haitoshi, akaja askari na bunduki.

"Simama! Hii mama ni nani yako?"

Ningeweza kusema shangazi. Mdomo ukasema, "Mama mkwe."

Askari akatazama mapaja yangu, akanitazama mimi, akavuta kofia mpaka puani, akatupa mgongo. "Pita! Pita upesi! Mimi hapana naona kitu!" Sabuni na chumvi za kwenye kifurushi hakuzigusa. Naye kwao ana mama mkwe, bila shaka.

Lakini nyumbani sikucheka. Tumeshagusana, kwa hiyo mama hawezi kuingia kwangu mpaka mbuzi achinjwe na aibu iondolewe. Akasimama nje ya ua, maji yanamchuruzika, na Nafula ndani anaisikia sauti ya mama yake na hawezi kuinuka. Iliniuma sana. Nikamwita Egesa, tukanyanyua kitanda, mke na mtoto juu yake, tukakitoa mpaka uani, kisha nikaenda kujificha nyuma ya jiko. Nikamsikia Nafula akilia, halafu, kwa mara ya kwanza tangu azae, akicheka.

"Egesa," mama akaita, "mwambie huyo mtu mtoto ni mzuri. Na ile mashua akaibadilishe."

Nilikwenda siku ileile, na shati langu bichi. Na tangu hapo sinunui kitu, hata kiwe beseni, kabla sijakipima kwa macho nione kama mama mkwe atakaa mbali nami.